Delivari Shilingi Ngapi? Historia ya Waliotubebea Mizigo Kabla ya Boda

Leo tunaingia kwenye historia, ila usikimbie. Hii ni historia inayogusa mfuko wako moja kwa moja, hasa kama una kapeji kako Instagram unauza nguo, viatu, mawigi, vipodozi au vyombo vya jikoni.

Ukiposti bidhaa, komenti ni zilezile. Ya kwanza ni "bei?", wakati bei umeiandika pale pale kwenye picha. Ya pili ni "mnapatikana wapi?" Ya tatu ndiyo inayoua biashara za watu: "delivari shilingi ngapi?" Unajibu, tiki mbili za bluu zinatokea, mteja anapotea mpaka leo.

Tupige hesabu ya mfano. Gauni umelitoa Kariakoo kwa 12,000, unaliuza 18,000. Faida yako ni 6,000. Wewe upo Mbagala, mteja yuko Goba. Tuseme boda anataka 10,000, na mteja kagoma, anatoa 5,000 tu. Ukisema uongezee wewe hiyo 5,000 nyingine, umebaki na buku moja. Hapo hujatoa bando, hujatoa mfuko, hujatoa makato ya kutoa hela kwenye simu. Na ukiandika "delivari bure" ndiyo kabisa, unamlipa mteja achukue gauni lako.

Sasa hili swali la delivari halikuanza na Instagram. Watu wa huku kwetu wamelipasulia kichwa kwa miaka mingi sana, kuanzia majahazi, misafara ya bara, reli, posta, mpaka buti la basi. Nimeifuatilia hiyo historia na kuna kitu kimoja kinajirudia kila zama: mzigo unasafiri kwa bei rahisi pale unapodandia safari ambayo ingekuwepo hata kama mzigo wako usingekuwepo. Pasipo na safari ya kudandia, kuna binadamu anaubeba kwa nguvu zake, na mara nyingi jina lake halikuandikwa popote.

Shika hilo. Twende kazi.

UPEPO ULIKUWA WA BURE

Tuanze baharini. Pwani yetu ina pepo mbili ambazo wazee walizijua kama sisi tunavyojua ratiba ya ligi. Kaskazi inavuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa inaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Baadaye, kuanzia karibu na Aprili, inaingia Kusi, na hiyo ndiyo ilikuwa inayarudisha kwao. Yalikuja na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Yakarudi na vitu kama boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, kwa sababu nchi za Ghuba miti ya kujengea ilikuwa shida.

Fikiria boriti. Ni zito, refu, linachukua nafasi, na bei yake si ya kutisha. Kwa nini iliwezekana kulipeleka mbali vile? Kwa sababu upepo haukudai nauli, na jahazi lilikuwa lazima lirudi kwao. Kurudi tupu ni hasara. Kwa hiyo chochote kilichopakiwa wakati wa kurudi kilikuwa nafuu kwa mwenye chombo.

Ila mimi aliyenivutia si nahodha wala tajiri wa jahazi. Ni baharia wa kawaida. Mabaharia wengi hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walipata fungu la mapato ya safari, na juu ya hapo waliruhusiwa kupakia sanduku la bidhaa zao wenyewe. Kila bandari baharia anashusha sanduku lake, anauza kidogo, ananunua kidogo, anaendelea na safari. Hana jahazi, hana ghala, hana mtaji wa maana. Ana sanduku moja tu ndani ya safari ya mtu mwingine.

Huyo ndiye babu wa wafanyabiashara wadogo wa onlaini. Majina yao hatunayo, lakini mbinu yao ndiyo ileile unayoitumia leo ukimwambia mtu anayerudi kutoka Dubai, "nibebee kilo mbili tu dada'angu."

BARA HAKUNA UPEPO

Jahazi likishafika Bagamoyo, upepo unaishia hapo. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kule Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilomita 1,200, na karne ya 19 safari hiyo ilikuwa ya miezi, kwa miguu. Utauliza, punda na ng'ombe walikuwa wapi? Sehemu kubwa ya njia ilikuwa na mbung'o, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa. Kwa hiyo mzigo wote ulipanda kwenye bega au kichwa cha mtu.

Wapagazi waliosifika zaidi walikuwa Wanyamwezi. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kulipwa, wanakubaliana ujira, wanagoma wakidhulumiwa, na wanajua njia kuliko tajiri aliyewaajiri. Lakini tusipake rangi: katika njia hizohizo wapo pia waliobeba mizigo wakiwa watumwa, bila ujira wala hiari.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30 hadi 35. Weka kichwani kiroba cha unga cha kilo 25, ongeza ndoo ndogo ya maji, halafu tembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Na humo njiani mtu lazima ale, ndiyo maana kulikuwa na posho. Halafu kila mkipita kwenye eneo la mtemi mnalipa ushuru wa kupita, na ushuru huo uliitwa hongo. Ndiyo, neno lilelile. Zamani lilikuwa malipo ya wazi ya njia, leo tunalijua kwa kazi nyingine.

Sasa jumlisha: ujira, posho, hongo, miezi ya safari. Unadhani kuna mtu angetoa gunia la mahindi Tabora akauze Bagamoyo? Wapagazi wangelila lote kabla ya kufika Morogoro. Ndiyo maana kilichobebwa kwenda pwani kilikuwa pembe za ndovu, na kilichobebwa kwenda bara kilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo yenyewe maarufu iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka Marekani. Vyote hivyo vina thamani kubwa kwa kilo, ndiyo maana vilistahimili gharama ya bega la mtu.

Hapo kuna somo la bure, wadau. Kabla hujachagua utauza nini, uliza kitu kile kina thamani gani kwa kilo moja na kinachukua nafasi gani kwenye boksi. Hereni, wigi, saa, mafuta ya uso, hizo ni pembe za ndovu. Beseni, mito ya sofa na midoli mikubwa ni mahindi ya Tabora. Siyo kwamba usiuze beseni. Liuze kwa watu wa mtaani kwako, au subiri upate safari kubwa ya kulidandisha.

RELI, NA WALE WA KARIAKOO

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Upande wa Kenya, Waingereza walikuwa wameshaanza pale Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Kilichobadilika hapo siyo spidi tu. Vitu vizito vya bei ndogo vilianza kusafiri. Karanga, ngozi, nafaka, vitu ambavyo bega lisingevilipa, behewa likavilipa.

Lakini reli ina stesheni. Wewe kijiji chako kama kiko siku mbili kutoka stesheni, mzigo wako unarudi palepale, kichwani kwa mtu.

Halafu ikaja vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa huku kwetu, kuanzia 1914 hadi 1918, majeshi yaliingia sehemu zisizo na reli wala barabara. Risasi, unga, mahema, dawa, vyote vilihitaji mabega. Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Dar es Salaam ilipotekwa mwaka 1916, wapagazi wakawekwa kambi nje kidogo ya mji wa wakati ule. Watu wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wetu: Kariakoo.

Ndiyo hiyohiyo. Hiyo unayoenda saa kumi na moja alfajiri kutafuta chimbo, unayogombana na mawinga, inayokupa gauni la 12,000. Imebeba jina la kambi ya wapagazi. Nairobi nao wana Kariokor yao, jina hilohilo.

Takwimu rasmi za upande wa Waingereza pekee zinataja takriban wapagazi 95,000 waliokufa katika vita hivyo. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Walizikwa njiani, na wengi sana majina yao hayakuandikwa kwenye kaburi lolote. Ukipita pale mjini kwenye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, simama siku moja usome maandishi yake. Wapagazi wametajwa pale kwa Kiswahili kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Bila jina hata moja.

Nimewaza sana juu ya hili. Tajiri wa msafara jina lake lipo kwenye vitabu. Jenerali jina lake lipo. Aliyebeba hayupo. Na hapo katikati ya jiji, mtaa mzima wa biashara umepewa jina lao bila wengi wetu kujua.

MZEE ALIYEGUNDUA GHARAMA IKO WAPI

Tutoke kidogo tuende Uingereza, nitakurudisha nyumbani sasa hivi. Kabla ya mwaka 1840, barua kule ililipiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa anayepokea. Unaona tatizo? Mleta barua anatembea mpaka mlangoni, mwenyewe anaiangalia, anasema siitaki. Safari nzima imekula kwao. Hii ni ileile ya mteja wa "nitalipa mzigo ukifika" ambaye boda akifika simu haipatikani.

Mwalimu mmoja wa zamani akakaa akapiga hesabu. Akagundua kwamba kuibeba barua moja kutoka London mpaka Edinburgh kunagharimu kijisehemu kidogo sana cha peni, kwa sababu gari la posta linaenda huko vyovyote iwavyo na limebeba barua nyingi pamoja. Gharama kubwa ilikuwa kwenye ncha mbili: kuipokea, kuipangia bei, kuipeleka mlangoni na kudai hela. Suluhisho lake likawa bei moja kwa nchi nzima kwa barua nyepesi, peni moja, na mtumaji analipa kabla kwa kubandika stempu. Mwaka 1840 likaanza kazi.

Marekani wao walichelewa kwenye vifurushi. Maduka yaliyouza kwa katalogi yalikuwepo tangu 1872, yaani unaona picha, unaagiza, unaletewa. Instagram ya karatasi. Lakini posta yao ilianza kubeba vifurushi vikubwa tarehe 1 Januari 1913. Bei ilikuwa nafuu mpaka watu wakachanganyikiwa. Mwaka 1914 kuna wazazi wa jimbo la Idaho walimtuma binti yao wa miaka mitano kwa bibi yake kama kifurushi, stempu za senti 53 zimebandikwa kwenye koti, akasafiri na mhudumu wa posta ndani ya treni. Ilikuwa rahisi kuliko tiketi. Mwaka 1916 mfanyabiashara mmoja wa mji wa Vernal, jimbo la Utah, aliagiza maelfu ya matofali ya kujengea benki, yakafungwa vifurushi vifurushi vikaja kwa posta, kwa sababu posta ilikuwa nafuu kuliko kampuni za mizigo. Posta wakashtuka, wakaweka kikomo cha uzito ambao mtu anaweza kutuma kwa siku.

Mtu mdogo akipata safari ya kudandia, anaidandia mpaka wenyewe washtuke.

Turudi nyumbani. Kwetu posta ilikuja na wakoloni, ikawa ya pamoja ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, na Shirika la Posta Tanzania tulilonalo likaanza kazi mwaka 1994. Lakini barua zetu ziliishia kwenye sanduku, S.L.P. fulani, siyo mlangoni. Vijana wengi leo hawana hata sanduku. Mitaa mingi haikuwa na namba wala majina mpaka ilipokuja Operesheni Anwani za Makazi mwaka 2022. Kwa hiyo ile ncha ya mwisho, ambayo mwalimu yule alisema ndiyo yenye gharama, kwetu ilibaki wazi.

Hata hivyo usiidharau posta. Kwa kifurushi chepesi, hasa kinachoenda nje ya nchi, nenda kaulize bei kabla hujakimbilia kampuni kubwa za ndege. Nchi za dunia zilikubaliana tangu 1874 kupokeana barua, na huo mtandao mpaka leo upo. Ni safari iliyopo tayari.

BUTI LA BASI

Ncha ile ilizibwa na watu ambao hakuna aliyewatuma: wafanyabiashara wadogo, makondakta na makarani wa stendi.

Hata kwenye treni ilianza hivyo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kwenye magazeti ilikuwa reli ya shaba na siasa kubwa. Kwenye stesheni ndogo kama Mlimba ilikuwa kitu kingine: wakulima na akina mama walipakia magunia ya mpunga na mikungu ya ndizi kama vifurushi kwenye treni ya abiria, yakauzwa mbele ya safari. Treni ilikuwa inapita vyovyote, wao wakadandia.

Basi likaendeleza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Serikali ilipolegeza masharti ya biashara, mitumba na bidhaa za nje zikaongezeka, mabasi ya watu binafsi nayo yakaongezeka. Basi linaenda Mwanza kwa sababu ya abiria. Nauli za abiria zimeshalipa mafuta, dereva na matairi. Buti lina nafasi. Boksi lako likiingia pale, linadandia safari ambayo watu hamsini wameshailipia. Ndiyo maana kutuma kwa basi hadi Mbeya kunaweza kuwa rahisi kuliko boda kutoka Mbagala hadi Goba. Wengi huwa wanashangaa hili, lakini wewe sasa unajua sababu.

Kitu kilichokosekana kilikuwa hela na anwani. Zamani ulituma boksi, halafu hela inarudi kwenye bahasha kwa konda, kwa imani tu. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Ghafla mteja wa Songea anaweza kulipa kabla mzigo haujatoka Dar. Na namba ya simu ikawa anwani. Angalia boksi lolote stendi: hakuna mtaa wala namba ya nyumba, kuna jina, mkoa na namba ya simu kwa maka peni. Stendi kuu ya Dar ikahamia Mbezi Luis mwaka 2021, na mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Mzigo wa jioni sasa unaweza kuamkia mkoani.

Ila imani bila karatasi inaumiza. Boksi likipotea na huna risiti, mteja hatomtukana konda. Atakutukana wewe, ataposti skrinishoti, ataandika "tapeli", na peji uliyoijenga miaka mitatu inakufa kwa siku moja. Kwa hiyo pita kwenye ofisi ya basi, chukua risiti, hakikisha imeandikwa kilichomo na thamani yake, piga picha risiti, boksi na namba ya basi, mtumie mteja. Usimkabidhi konda barabarani kwa sababu tu ni buku mbili pungufu.

NDEGE NI PEMBE, MELI NI BORITI

Kwa mnaoagiza China, hadithi ni ileile. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani mmoja aliyeanzia kwenye biashara ya malori alipakia makontena 58 kwenye meli kutoka Newark kwenda Houston. Kupakia mzigo wa kawaida wakati ule kulikuwa kama dola 5.86 kwa tani, makuli wakibeba kiroba kimoja kimoja. Kwa kontena ikashuka hadi chini ya senti 16. Makuli wengi bandarini wakapoteza kazi, na hao nao hatuna majina yao.

Wewe huna mzigo wa kujaza kontena. Unachofanya ni kumpa ajenti wa Guangzhou au Yiwu boksi lako, anachanganya na la huyu na la yule, kontena linajaa. Wewe ni baharia mwenye sanduku lake. Meli wanapima kwa nafasi, yaani mita ya ujazo, na inachukua mwezi na zaidi. Ndege wanapima kwa kilo, siku chache umepata, lakini ukiwa na boksi kubwa jepesi wanaweza kukutoza kwa ukubwa wake badala ya uzito. Kwa hiyo: simu, saa na hereni, panda ndege kama pembe za ndovu. Mabegi, vyombo na mapazia, panda meli kama boriti, na agiza mapema kabla ya Idi na Krismasi. Ukisubiri sikukuu ikaribie, Kusi imeshavuma, wenzako wameshaondoka.

BODA NDIYE MPAGAZI

Sasa turudi Mbagala kwenda Goba. Kwa nini hapa pagumu hivi? Kwa sababu boda anayetoka dukani kwako na gauni moja kwenda kwa mteja mmoja hadandii safari yoyote. Safari nzima ni kwa ajili ya gauni lile, na kurudi anarudi tupu. Huo ni msafara wa mpagazi mmoja. Mafuta, muda, foleni, matairi, trafiki, vyote vimekaa juu ya 18,000 yako.

Wengi tunatatua kwa kumkandamiza boda. "Elfu nne bwana, mbona jana mwenzako alienda." Anakubali, kwa sababu na yeye ana hesabu ya bosi jioni. Halafu ili ipatikane hela anachukua oda tano kwa mpigo, anakimbiza, anapita pembeni, anakatiza taa. Akianguka, wewe unauliza gauni limepona? Hiyo bei rahisi haikutoka hewani. Kuna mtu ameibeba.

Njia ya haki ni ileile ya majahazi: tengeneza safari ya kudandia.

Weka siku za kugawa mzigo. Jumanne njia ya Mbezi na Goba, Ijumaa njia ya Kigamboni na Mbagala. Mteja mwenye haraka alipe bei ya haraka, asiye na haraka asubiri siku ya njia yake kwa bei ndogo.

Ungana na wenzako. Muuza viatu wa jirani, muuza keki, muuza manukato, wote mna wateja Sinza. Boda mmoja, mizigo minane, kila mmoja anachangia, na yeye anapata hela ya maana kwa safari moja.

Weka kituo cha kuchukulia. Saluni ya rafiki, duka la vocha, ofisi ya mtu Posta mjini. Mteja anapita hapo kila siku akitoka kazini. Safari yake ipo tayari, mwache adandie mwenyewe.

Hela ya delivari ilipwe kabla, hata kama ya bidhaa italipwa mzigo ukifika. Waingereza walijifunza hilo tangu 1840.

Na acha kuandika "bure" kama siyo bure. Iingize kwenye bei au iandike kiasi chake. Mteja akijua 5,000 inaenda kwa nani na kwa kazi gani, mara nyingi anaelewa.

La mwisho ni dogo, halina gharama. Muulize boda jina lake kamili, liandike kwenye daftari pamoja na namba ya pikipiki na mzigo aliobeba, na mtaje mteja: "Mzigo wako unaletwa na fulani." Kwanza ni usalama wako, mzigo ukipotea una pa kuanzia. Pili, kuna watu kama 95,000 walibeba vya wenzao mpaka wakafa na hakuna aliyeandika wanaitwa nani. Sisi tuna simu, tuna kalamu, hatuna kisingizio.

Wewe mzigo wako unatuma kwa njia gani, na mkoa gani unakusumbua zaidi? Tiririka hapo chini tusaidiane, na kama una boda mwaminifu, mpe maua yake kwa jina.